Saa mbili za mama zitoke wapi? Mama fua, kituo cha watoto, dada wa kazi, shosho au baba wa mtoto

Ushauri ambao akina mama wa Nairobi hupewa kuhusu kujitunza huanzia mwisho. Lala. Nenda saluni. Tembea msituni. Yote ni mazuri, ila hakuna linalowezekana mtoto wa miezi minane akiwa amekung'ang'ania shingoni, nguo za siku tatu zikiwa kwenye beseni, na maji ya mfereji yakija siku mbili tu kwa wiki. Kabla ya kuuliza utafanya nini ukipata saa mbili, uliza nani atamshika mtoto, au beseni, wakati saa hizo zinapita.

Kwa hiyo nalinganisha hapa mikono ya pili ambayo mama wa jiji hili anaweza kuipata: mama fua (mwanamke anayekuja kufua kwa malipo), kituo cha kulelea watoto, dada wa kazi wa kulala na wa kuja na kurudi, shosho (nyanya wa mtoto), baba wa mtoto, na jirani. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Kila mmoja anaondoa mzigo wa aina yake, na mama wengi ninaowajua wamelipia pesa nzuri kuondolewa mzigo ambao haukuwa unawaumiza.

Mizigo yenyewe ni mitatu. Kuna kazi za mikono: kufua, kupiga deki, kupika, kuosha vyombo, kupandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne. Kuna mtoto mwenyewe: kumnyonyesha, kumbeba, kumwamkia usiku, kumchunga asitie kidole kwenye soketi. Halafu kuna mzigo wa kichwa, ambao hauonekani na ndiyo maana haupewi pole. Ni kukumbuka tarehe ya chanjo, kujua kwamba gesi inakaribia kuisha, kwamba viatu vya mkubwa vimeanza kumbana, kwamba nepi zilizobaki zitafika kesho asubuhi tu. Unaweza kukaa kwenye kochi saa nzima bila kugusa kitu na bado kichwa hicho kikawa kazini.

Ukitaka kujua ni upi unaokuelemea, angalia unapofoka. Ukimfokea mtoto kwa kumwaga uji kwenye sakafu uliyoipiga deki sasa hivi, ni mikono iliyochoka. Ukitokwa na machozi akiamka mara ya nne usiku, ni mtoto. Ukipandwa na hasira mume anapouliza kwa upole "tunakula nini leo?", hapo ni kichwa.

Uchovu na ugonjwa

Kuna hali ambayo mama fua wala shosho hawezi kuitatua, na ni lazima itengwe kwanza. Siku za mwanzo baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila kujua kwa nini na kucheka dakika inayofuata. Kwa kawaida hali hiyo hupoa yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au ikianza miezi kadhaa baadaye, huenda ni unyogovu wa baada ya kujifungua, nao ni ugonjwa unaotibika kama ugonjwa mwingine wowote. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, asilimia 19.8 ya wanawake hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa unyogovu. Hiyo ni karibu mmoja kati ya kila watano. Kwenye benchi la kliniki siku ya chanjo, hesabu waliokaa kando yako.

Kipimo cha nyumbani ninachokiamini ni usingizi. Mama aliyechoka ukimpa kitanda na saa mbili, analala. Aliye mgonjwa hujilaza akitazama dari hata mtoto akiwa amelala fofofo. Ongeza hapo kutofurahia chochote, kujiona huna maana, kumwona mtoto kama wa mtu mwingine, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yeye. Hilo la mwisho halingojei Jumatatu. Befrienders Kenya hupokea simu kwa 0722 178 177, na laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Ikiwa si dharura, mahali rahisi pa kuanzia ni pale pale unapompeleka mtoto chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Muuguzi atampima mtoto uzito na kumchoma sindano, na huenda asikuulize wewe uko vipi. Mwambie. Kuna orodha fupi ya maswali 10 kuhusu ulivyojisikia siku 7 zilizopita, inayotumika duniani kote tangu 1987 kumtambua mama anayehitaji msaada, na unaweza kuomba upimwe kwayo. Ukipewa barua ya kwenda Mathari, hospitali ya afya ya akili, nenda bila aibu. Hospitali ile ya kando ya barabara ya Thika huhudumia watu wanaoingia asubuhi na kurudi nyumbani mchana, wakiwemo mama wenye watoto mgongoni.

Ikiwa unalala ukipata nafasi, ila nafasi ndiyo hupati, endelea kusoma.

Mama fua na kituo cha watoto

Nawaweka hawa pamoja kwa sababu mara nyingi wote wawili hulipwa kwa siku, na hakuna anayehitaji kitanda nyumbani kwako. Kwa mengine yote wanapishana kabisa: mmoja anakuondolea nyumba na kukuachia mtoto, mwingine anakuondolea mtoto na kukuachia nyumba.

Mama fua katika mitaa mingi hulipwa kati ya shilingi 500 na 1,000 kwa siku, kutegemea mtaa na wingi wa nguo. Utampata kupitia jirani, mlinzi wa geti, au pale wanawake wanapokaa asubuhi kungoja kazi, kama ilivyo Eastleigh. Elewaneni bei ukimwonyesha nguo zenyewe, mablanketi yakiwemo, si baada ya kuzianika. Mpe chai na chakula cha mchana. Ukimpata mmoja mwaminifu, mshike kwa siku maalumu ya wiki, kwa sababu siku inayojulikana hukuruhusu kuacha kufikiria nguo siku nyingine zote. Kwa hiyo pamoja na mikono, anapunguza na kichwa kidogo.

Ila akina mama hupoteza faida yake kwa njia moja: mama fua anafua, na mwenye nyumba anasimama naye akisuuza, akianika, akipanga kabati kwa sababu "leo kuna usaidizi". Jioni wote wawili wamechoka na siku imelipiwa. Kama umemwita, mfunge mtoto mgongoni kwa leso mkatembee, au mlale naye chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Kituo kina hesabu nyingine. Katika mitaa kama Mukuru, Mathare, Kibera na Korogocho, vingi hutoza shilingi 50 hadi 150 kwa siku, mara nyingi ukibeba chakula na nepi mwenyewe. Kwenye estate za watu wa kipato cha kati ni malipo ya mwezi, kuanzia elfu chache hadi zaidi ya elfu kumi. Utafiti uliofanyika Korogocho na kuchapishwa 2019 uliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo, na wale waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kazini kuliko wasiopewa. Mama anayeuza soko la Gikomba alishajua hivyo bila utafiti.

Kabla ya kumwacha mtoto, fika bila taarifa saa nne asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana. Hesabu watoto na walezi. Ona jiko liko wapi na kama mtoto anayetambaa anaweza kulifikia. Uliza wanalala wapi, choo kiko wapi, na nani mwingine anaishi katika nyumba hiyo. Mtoto akirudi kila jioni amelegea kwa usingizi usio wa kawaida, uliza waziwazi kama anapewa dawa ya mafua ili alale, na usiridhike na jibu la haraka. Miezi ya kwanza ya kituo pia huwa miezi ya makamasi, na mtoto mwenye homa hapokelewi, kwa hiyo lazima uwe na mtu wa siku hizo. Halafu kuna foleni. Kituo kinafungwa saa kumi na mbili jioni, wewe bado uko kwenye matatu barabara ya Jogoo. Muulize mwenye kituo, kabla ya siku ya kwanza, nani humshika mtoto ukichelewa na kwa pesa ngapi.

Nina neno kwa mama asiye na kazi ya mshahara. Wako wengi wanaotamani kupeleka mtoto kituoni siku mbili kwa wiki lakini wanaogopa watu watasema: anakaa nyumbani kutwa na bado analipa wa kumlelea. Waache waseme. Mwajiriwa ana siku ya mapumziko ambayo sheria inamlinda nayo, na wewe hujawahi kupewa hata moja. Ikiwa mzigo wako ni mtoto na una shilingi 200 kwa wiki, siku mbili za kituo kizuri zitakufaa kuliko chochote kingine katika ulinganisho huu.

Dada wa kulala na dada wa kuja na kurudi

Watu hudhani dada wa kulala anamaliza mizigo yote mitatu. Anaondoa mikono, naam, na sehemu kubwa ya mtoto. Kichwani anaongeza. Sasa unafikiria chakula chake, afya yake, simu aliyopigiwa jana ikamwacha analia, na kama yuko sawa na mtoto wako saa hizi. Mtu mzima mwenye maisha yake ameingia nyumbani kwako, na wewe umekuwa mwajiri. Wengi wa dada hawa ni mama pia. Wamewaacha watoto wao kwa nyanya huko mashambani ili walee wako, na ukilijua hilo utazungumza naye kwa namna nyingine.

Pesa tuzitaje. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya malipo ya siku 21 kwa mwaka, na michango yake ya SHA (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni) inapaswa kupelekwa. Najua nyumba nyingi hulipa chini ya hapo. Maoni yangu ni kwamba usiyeweza kulipa kiasi hicho usiajiri wa kulala. Chukua mama fua siku mbili kwa wiki na umlipe vizuri. Mwanamke anayelipwa nusu ya haki yake na kulala kwenye kochi sebuleni hawezi kukupa utulivu unaoutafuta, na ataondoka. Hasa ataondoka Desemba, na Januari utakuwa unamtafuta mwingine shule zikifunguliwa.

Dada wa kuja na kurudi hufika asubuhi na kuondoka jioni. Unabaki na nyumba yako, mwanaume wako anatembea na vesti, na usiku hakuna wa kuhofia anasikia nini. Kwa anayeishi bedsita au chumba kimoja, kwa kweli hakuna chaguo lingine. Tatizo lake ni saa. Anaondoka saa kumi na moja, na kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku ndipo siku ya mama inapokuwa nzito: kuoga, ugali, kazi ya shule, mtoto anayelia kwa uchovu. Ukimchukua huyu, jaribu kumpangia kuanza saa nne asubuhi na kutoka saa moja jioni, mradi anaishi karibu na umpe nauli siku ya mvua. Asubuhi mtoto akiwa mchangamfu unaweza mwenyewe. Jioni ndipo unapohitaji mikono.

Wa kulala anamfaa zaidi mama wa zamu: muuguzi, mlinzi, mhudumu wa hoteli, yeyote anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri au kurudi usiku wa manane. Huyo hana namna. Kwa yeyote utakayemchukua, nakili kitambulisho chake, ongea kwa simu na mtu wa kwao, omba cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, na kaeni pamoja siku kadhaa kabla hujamwacha na mtoto peke yake. Siku yake ya mapumziko usiiguse. Mpe mtoto baba yake siku hiyo.

Shosho na baba wa mtoto

Hakuna mlezi wa kulipwa anayemfikia shosho katika wiki za mwanzo. Katika nyumba za Waislamu wa Majengo na Eastleigh arobaini bado inashikwa: mzazi anakandwa kwa maji moto, analishwa, hatumwi dukani. Kwa Wakikuyu kuna njahi na uji, na wanawake wanaokuja na kuni, unga na shuka za mtoto. Mila hizi zilijua jambo ambalo jiji limesahau, kwamba anayehitaji kulelewa baada ya uzazi ni wawili. Shosho anaondoa mikono, mtoto na kichwa pia, maana ameshalea na hahitaji kuambiwa kitu.

Lakini haji kwa muda mrefu. Kuna ng'ombe Murang'a, kuna shamba Siaya, na ghorofa ya nne isiyo na ua wala jirani wa kuzungumza naye humchosha mzee upesi. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya mama halali nyumbani kwa mume wa bintiye, kwa hiyo hata ukitaka aje, bedsita haimpokei. Na anakuja na yake. Anaweza kutaka kumpa mtoto wa miezi mitatu maji au uji mwepesi, wakati kliniki imekuambia maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Usibishane naye jikoni. Nenda naye kliniki, mwache amsikie muuguzi mwenyewe, naye atarudi akiwa ndiye mlinzi mkali wa maagizo yale. Kama ni mama mkwe, mumeo ndiye wa kuzungumza naye, kwa adabu, wewe usiwepo.

Baba wa mtoto yupo baada ya shosho kuondoka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya malipo ya wiki mbili mtoto akizaliwa, na nimesikitika kuona wiki hizo zikiishia kupokea wageni na kuwanunulia soda. Zingefaa zitumike kujifunza mtoto: kumwogesha, kumbembeleza, kujua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Asipojifunza katika wiki hizo, baadaye kila kilio atakurudishia akisema anakutaka wewe.

Mtoto mwenyewe baba anaweza kumchukua kwa zamu. Kama unanyonyesha, kamua maziwa: yanakaa salama hadi muda wa saa 4 katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji. Wewe lala kuanzia saa mbili usiku, yeye ashike mpaka saa sita. Usingizi wa saa nne mfululizo unabadilisha sura ya kesho yake.

Ila nguvu yake kubwa iko kwenye kichwa, na hapo hakuna wa kulipwa anayeweza kushindana naye. Mpe eneo zima, si kazi moja moja. Ukimtuma dukani na orodha, miguu ni yake, kichwa bado ni chako. Mpe kliniki: kijitabu kikae kwake, tarehe azijue yeye, aombe ruhusa kazini yeye. Au mpe gesi, maji na stima. Halafu usimkumbushe. Gesi itaisha siku moja ugali ukiwa haujaiva, na mtakula mkate. Ukikimbia kununua wewe, umelichukua tena eneo lote.

Wengine huuliza waliseme vipi bila kuzua ugomvi. Liseme mchana, mkiwa mmekula, na liwe na siku na saa: "Baba Imani, kuanzia wiki hii Jumapili baada ya kanisa mtoto ni wako mpaka saa kumi na mbili. Mimi sitakuwa nyumbani." Hiyo sentensi ya pili ina maana. Ukibaki chumbani, mtoto atakusikia, baba atagonga mlango, na utatoka.

Mama anayelea peke yake

Mkono mmoja haulei mwana, na jijini wako wengi ambao mkono wa pili hawakupewa. Kwao ninampendekeza jirani mwenye mtoto wa rika moja na wako. Ni kubadilishana: Jumamosi asubuhi unakaa na wake, Jumamosi inayofuata anakaa na wako. Haigharimu kitu, na watoto wawili wanaocheza pamoja mara nyingi huwa kazi ndogo kuliko mmoja aliyechoshwa na upweke. Anzeni kwa muda mfupi. Kubalianeni mapema kuhusu chakula, kiboko na televisheni, maana hayo matatu ndiyo yanayovunja urafiki wa ploti. Na umchague kwa macho yako: mtazame anavyozungumza na mtoto wake akidhani hakuna anayesikia.

Kama umeajiriwa na unanyonyesha, kuna muda mwingine ambao tayari ni wako. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyesha, na akupe vipindi vya kunyonyesha au kukamua visivyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Wengi hukamulia chooni kwa kutojua hilo. Omba kwa maandishi.

Saa zikipatikana

Kama usiku hulali, lala. Usijione mvivu, na usiingie msitu wa Karura ukiwa na usingizi wa wiki tatu machoni.

Kama unalala vya kutosha lakini mwili umekaza na kichwa kimejaa, tembea. Wataalamu wa afya hupendekeza dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano. Karura na Arboretum ni pazuri, pana kivuli na ulinzi, na kiingilio hulipwa. Lakini pima umbali. Anayeishi Ruaka au Parklands anaingia Karura na kutoka ndani ya saa mbili. Wa Umoja atazimaliza zote kwenye matatu. Huyo bora azunguke mtaani kwake asubuhi barabara zikiwa na watu, au ashuke Kaloleni au Makadara kwenye maktaba za umma zilizokarabatiwa, akae pasipo na mtu wa kumwita mama.

Kama kinachokuuma ni upweke, usingizi na matembezi ya peke yako havitakusaidia sana. Unahitaji watu. Chama cha wanawake ni kizuri, ila kiangalie. Chama ambacho kila mwezi mmoja hupika chapati na pilau kwa wanawake kumi na wanane, na mtoto akimvuta rinda, kimehamisha kazi kutoka nyumba hadi nyumba. Pendekezeni chai na mandazi ya kununua, na watoto wabaki na baba zao. Saluni nayo naiheshimu kuliko watu wanavyodhani: saa tatu za kusukwa ni saa tatu za kukaa chini, mtu mwingine akikugusa kichwa kwa upole, na mazungumzo yasiyohusu nepi. Usiende na mtoto mapajani.

Kwa pesa uliyo nayo

Ukiwa na shilingi 3,000 kwa mwezi na mzigo wako ni mikono, chukua mama fua mara moja kwa wiki, siku ile ile. Pesa hizo hizo zikiwa kwa mzigo wa mtoto, zinalipia siku mbili za kituo kila wiki katika mitaa mingi na chenji ibaki. Ukiwa na elfu ishirini na tano au zaidi za kutenga, na kazi yako ina saa za ajabu, ajiri dada kwa mshahara kamili. Mzigo wa kichwa usiutafutie mtu wa kulipa kabla hujazungumza na baba wa mtoto, au na dada yako wa tumbo moja anayeweza kushika angalau mambo ya kliniki.

Na kama mwezi huu hakuna kitu kabisa, gonga mlango wa jirani leo jioni, kabla ya chakula, na umwombe Jumamosi moja. Mwambie ya kwanza utakaa wewe na wake.